Re: Naharisha karibu kila mwezi, shida ni nini?

Pole sana ndugu. Umesema maji unachemsha, ila chakula cha mchana unakiacha mezani hadi usiku. Mimi ningeanzia hapo kwenye kiporo. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya muda wa saa 2; kiweke kwenye friji, na ukikipasha kitoe mvuke hadi katikati, si juu juu. Wali uliolala nje tupa tu, maana kuna sumu ya bakteria isiyoharibika hata ukiupasha moto.

Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20. Vitakasa mikono havimalizi norovirusi, kirusi kinacholeta kuhara na kutapika.

Kahawa nyingi, pipi zisizo na sukari na antibayotiki nazo huharisha, kwa hiyo usilaumu uchafu pekee.

Tumbo la kuhara likianza tena, kunywa mapema ORS, yaani maji ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini. Ukikosa pakiti: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Ukiona damu au homa, usinywe dawa za kufunga tumbo; nenda hospitali. Nenda pia likizidi siku 2, au mkojo ukipungua. Na kwa sababu linajirudia, omba kipimo cha choo.