Nikipiga chafya mkojo unanitoka. Nitapona?

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 27, nimejifungua mtoto wa kwanza wiki tisa zilizopita kwa njia ya kawaida, kilo 3.9. Tangu hapo nikicheka, nikipiga chafya au nikiinua ndoo, mkojo unanitoka. Wifi ananiambia nipunguze maji, na kila nikienda haja ndogo nikate mkojo katikati. Mama naye ananifunga kanga tumboni mpaka napumua kwa shida. Nitapona, au ndiyo nimeshaharibika? – Mzazi mpya, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hongera, na pole pia. Hujaharibika.

Misuli inayobeba kibofu na kizazi imetandikwa chini ya nyonga kama machela, na mtoto wa karibu kilo nne amepita katikati yake. Imevutika. Chafya ikija, tumbo linasukuma chini ghafla na misuli inachelewa kubana. Kwa wiki tisa, hilo tunaliona kila siku kliniki.

Ila nijibu kwanza: mkojo unatoka kwa chafya na ndoo tu, au unachuruzika wenyewe usiku na mchana hata umelala? Kama unachuruzika muda wote, hasa kama uchungu ulikuwa mrefu, usipoteze siku kwa mazoezi nitakayokueleza hapa chini. Hiyo yaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, nayo inatibika. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, wanaitibu bila malipo. Nenda hospitali pia ukiwa na homa, mkojo unaochoma, mkojo usiotoka kabisa, au ukihisi kitu kinashuka ukeni.

Kwa hali uliyoeleza, dawa yako ni mazoezi ya kubana misuli hiyo, na wengi wanayakosea. Mama mmoja aliniambia amefanya miezi miwili bila nafuu. Nikamwambia anionyeshe: akavimbisha mashavu, akabana pumzi, akasukuma kama yuko leba. Miezi miwili alikuwa anaisukuma chini misuli ile ile anayotaka kuipandisha.

Lala chali mkekani, kunja magoti, weka kiganja tumboni. Sasa fanya kama unazuia ushuzi mbele za wakwe, na mkojo pia kwa pamoja. Utahisi kitu kinapanda ndani. Matako yatulie, tumbo chini ya kiganja lisivimbe, pumua kama kawaida. Ukitaka uhakika shika kioo: sehemu kati ya uke na njia ya haja kubwa inapaswa kuingia ndani, isitokeze nje. Bana, hesabu mpaka tano, achia kabisa, pumzika, rudia mara nane hadi kumi. Kuachia ni nusu ya zoezi. Kisha bana na kuachia haraka haraka mara kumi. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Ukiunganisha na kunyonyesha hutasahau. Ukizoea, panda taratibu hadi hesabu ya kumi, na ufanye umekaa, halafu umesimama.

Chafya ikianza kukuwasha puani, bana kabla haijatoka. Hii peke yake huwaokoa wengi. Mazoezi yenyewe yape miezi mitatu kamili kabla ya kusema hayafai. Yakigoma, muombe daktari akupeleke kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo.

Wifi mwambie asante, lakini hapana. Kukata mkojo katikati kila siku kunakizoesha kibofu kubaki na mkojo, na mkojo uliobaki huleta maambukizi. Kupunguza maji nako kunaufanya mkojo uwe mkali, kibofu kiwashwe, na choo kiwe kigumu. Kujikamua chooni ni kuisukuma ile machela upya. Na wewe unanyonyesha! Kunywa maji na uji wako. Cha kupunguza ni kahawa, chai ya rangi nzito na soda za kola.

Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Kwa sasa beba nusu, au mwachie baba mtoto.

Kanga ndiyo kesi ngumu, maana hapo unagusa mama. Kufungwa kwa wastani kunaweza kukupa raha mgongoni, sina ugomvi nako. Inapokazwa hadi pumzi inabana, tumbo haliwezi kwenda mbele, linashuka chini, palepale panapovuja. Mwombe alegeze hadi viganja viwili vipenye, na mwambie ni agizo la kliniki. Mara nyingi wanatusikiliza sisi kuliko watoto wao.