Ukiulizwa Kwa Nini, Una Jibu?

Wiki hii msomaji mmoja ameniomba orodha ya vitabu vya falsafa "vya kunitoa gizani." Nilimtumia swali kwanza: mraba una pande za futi 2, kwa hiyo eneo lake ni futi 4 za mraba. Mraba wenye eneo maradufu yake utakuwa na upande gani? Akajibu papo hapo: futi 4.

Ndivyo alivyojibu yule mtumwa kijana katika "Meno", kitabu cha mazungumzo cha Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale; kijana huyo hakuwahi kufundishwa jometri. Socrates, mwalimu wa Plato, anachora naye, eneo linakuwa 16. Kijana anajaribu 3, inakuja 9. Hapo anaapa kwa Zeus kwamba hajui, na Socrates anasema sasa amepiga hatua, kwa sababu mtu anayedhani anajua hatafuti kitu. Kisha unachorwa mstari wa kona hadi kona. Mstari huo unaukata mraba wa kwanza kuwa pembetatu 2. Ukijenga mraba mpya juu yake, ndani zinaingia pembetatu 4 kama hizo. Eneo limekuwa 8, na hakuna aliyemkaririsha.

Mimi nilikaririshwa. Shuleni nilimuuliza mwalimu kwa nini eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo. Alinisimamisha mbele ya darasa, akaniita mbishi, wenzangu wakacheka. Bado inaniuma. Nilinyamaza miaka mingi, nikafaulu mitihani vizuri tu, na ile "nusu" sikuielewa mpaka nilipouchora mraba wa Meno kwa mkono wangu, nikaiona. Hakuna cheti kilichowahi kunipa furaha ile.

Lakini mbona nilifaulu? Socrates analigusa hilo humo humo: aliyebahatisha njia ya kwenda Larissa, mji wa Ugiriki, atakufikisha sawa na anayeijua. Tofauti ni kwamba wazo sahihi ambalo halijafungwa na sababu zake hutoroka, kama sanamu za Daedalus, fundi wa hadithi za Kigiriki, zilizosemekana hukimbia zisipofungwa. Aliyekaririshwa akigeuziwa swali kidogo, ameachwa mikono mitupu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, chukua jambo moja unaloliamini kwa moyo wote. Jiulize kwa nini. Andika sababu, kisha iulize hiyo sababu nayo kwa nini. Mpe anayekupinga aisome, umsikilize mpaka amalize. Ukikwama, usikimbilie kujibu. Kaa hapo hapo, uulize tena. Mwaka 1784 Kant, mwanafalsafa Mjerumani, aliandika kwamba kinachowakosesha watu mwanga mara nyingi ni ukosefu wa ujasiri wa kutumia akili zao wenyewe, wala si upungufu wa akili. Namwamini, maana najua ujasiri huo unavyovunjwa, na kwa neno dogo tu.

Nawe unayefundisha, au mwenye watoto: ukiulizwa kwa nini na hujui, sema hujui, kisha chukueni kalamu mtafute pamoja.