Nikikata waya ndo unazidi kuharibika

SWALI: Shikamoo fundi. Mi niko Tanga, leseni ya redio ya ridhaa nimeipata mwaka huu, redio yangu ni ya wati 100. Nimetengeneza antena ya waya ya bendi mbili, dipoli (waya wa pande mbili unaolishwa katikati) ya bendi ya mita 40, yaani megahezi 7, na ya mita 20, yaani megahezi 14, zote zinakutana katikati kwenye kebo moja, nimeifunga kati ya mnazi na mwembe. Waya ni ule wa nyumba wa 1.5. Ya mita 40 nilianza na mita 10.07 kila upande, SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena, 1 ndo bora) ikawa 2.2, nikakata kata ikashuka mpaka 1.3, safi kabisa. Ya mita 20 nilianza na 5.05, SWR 2.4, nikakata sentimita 5 ikawa 2.8, nikakata 5 tena ikapita 3 na redio ikaanza kujipunguza nguvu yenyewe. Nyaya nimezibana pamoja kwa vile vibanio vya plastiki ili zisicheze na upepo. Afu nikituma, maiki inanipiga shoti midomoni. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Pole na midomo, hiyo tutaifikia.

Naona urefu umeupata kwa hesabu ya 143 gawa kwa megahezi, inayotoa mita za dipoli nzima, nusu kila upande. Iko sawa, ila hiyo ni ya waya mtupu uliokaa peke yake. Waya wenye plastiki kwa umeme unajifanya mrefu kidogo, ndo maana ule wa mita 40 ulivyoukata ukakaa vizuri, na we ukadhani dawa ni ileile kwa mwenzake. Huyu wa mita 20 kesi yake nyingine, umembana ubavuni kwa jirani aliyemzidi mara mbili, na waya mfupi ukibanwa hivyo mara nyingi unataka kuwa mrefu KULIKO hesabu, na kipande cha bendi unachofaa kinakuwa chembamba. Kwa hiyo wewe ulikuwa unakata mahali pa kuongeza.

Siku nyingine kabla hujashika koleo pima SWR mwanzo wa bendi, megahezi 14.010, afu mwisho wa bendi, 14.340. Kama SWR ni nzuri zaidi huku chini, waya ni mrefu, punguza. Kama ni nzuri zaidi huku juu, ni mfupi, ongeza. Yani dakika mbili tu na wala huhitaji kifaa cha kununua, ingawa ukipata NanoVNA, kile kifaa kidogo cha kupimia antena, utaniombea dua.

Sasa ondoa vibanio vyote. Katikati ziache zikutane lakini ncha za mfupi zivute mbali na mrefu kwa kamba ya nailoni, mita moja na zaidi kama uwanja unaruhusu, mi napenda zielekee pande tofauti kabisa. Huku unavuta kamba angalia usikatize nyaya za umeme, hilo sina utani nalo. Afu ongeza waya, na ukipunguza usikate, kunja ncha urudishe nyuma uisokote kwenye waya wenyewe. Kwenye 14 sentimita moja kila upande inasogeza kama kilohezi 28, kwenye 7 ni kilohezi 7 tu, so huku kwenye mita 20 nenda taratibu. Ukishamaliza pima mita 40 upya, zinasumbuana hizi.

Shoti ya maiki ni mkondo unaorudi kwa nje ya kebo mpaka mezani kwako. Zungusha kebo mara 10 hadi 12 kwenye pete kubwa ya ferati (kitu kigumu cheusi kinachozuia mkondo wa redio), ile ya mchanganyiko namba 31, palepale katikati ya antena, sio chumbani.

Na jaribu bendi ya mita 15, yaani megahezi 21, pia, watu wengi hawajui kama wanayo, ule wa mita 40 unaimba na huko maana 7 mara 3 ni 21. Kawaida inaangukia juu kidogo ya bendi, ukiuweka mrefu kwa 7.05 inakuwa karibu zaidi.

Vile vipande ulivyokata usivitupe, ndo vya kuungia.