Kabla Hujatangaza Azimio la Mwaka Mpya, Muulize Unayeishi Naye

Hapa Malindi, usiku wa tarehe 31 Desemba makanisa hujaa. Ikikaribia saa sita watu husimama mmoja mmoja kutaja maazimio yao: mwaka huu nitakuwa mtu wa maombi, nitamaliza Biblia nzima, nitaacha hasira. Nimekesha hivyo miaka mingi, na kwa kuwa huwa naongoza ushirika wa nyumbani mtaani kwetu, nimeona pia yanayofuata Februari na Machi. Maazimio yanayodumu, kwa niliyoyaona mimi, ni yale ambayo kanisa halikuyasikia kabisa.

Sisemi ushuhuda ni mbaya. Lakini makofi yana utamu wake, na mtu akishapigiwa makofi usiku ule huenda nyumbani akiwa kama aliyekwisha kutimiza. Yesu alilisema wazi katika Mathayo 6: anayetoa sadaka, anayesali na anayefunga ili aonekane na watu, amekwisha kupata thawabu yake. Maneno hayo husomwa kila Jumatano ya Majivu. Mwaka 2026 siku hiyo ilikuwa 18 Februari, na Ramadhani nayo ikaingia juma hilohilo. Majirani zetu Waislamu walifunga katika joto lile la kaskazi, wakaenda kazini kama kawaida. Nilikuwa nikinunua mboga kwa jirani aliyefunga na sikusikia akilalamikia kiu hata mara moja. Nasi Wakristo tumeagizwa vivyo hivyo: ufungapo, nawa uso, jipake mafuta.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: usilitafute azimio lako mkeshani. Litafute kwa mtu anayekaa nawe au anayefanya kazi nawe. Muulize mkiwa mmetulia, “Nikifanya nini mwaka huu nitakupunguzia mzigo?” Kisha nyamaza. Usijitetee, usifafanue, usimkumbushe ya kwake. Nyumbani kwangu tunaulizana hivyo kati ya Krismasi na mwaka mpya. Binti yangu hakuomba makubwa: alitaka niketi naye robo saa akisoma, simu ikiwa chumba kingine. Peke yangu nisingelifikiria hilo. Ningechagua jambo zito zaidi, la kiroho zaidi, lenye sifa.

Katika ushirika wetu kuna mama karanga anayechukua samaki mali kauli asubuhi, anakaanga, anauza jioni kando ya barabara, ndipo anamlipa mvuvi. Angeweza kusimama kanisani akasema atakuwa mwaminifu zaidi, nasi tungeitikia amina. Yeye alimwendea mvuvi wake akamuuliza ni nini kinachomkera. Mvuvi akamjibu, “Mama, pesa kuchelewa nimezoea. Ni vile unavyonizimia simu.” Azimio lake likawa hilo tu. Awe na pesa au asiwe nayo, mvuvi akipiga, atapokea.

Huo ndio unyofu ninaouona kwa Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili ya Luka. Hakusema atajirekebisha. Alitaja nusu ya mali yake kwa maskini, na mara nne kwa yeyote aliyemnyang’anya. Azimio lenye kiasi na lenye mtu wa kulidai haliachi nafasi ya kujidanganya.

Jambo la pili, angalia msimu. Januari kwetu bahari imetulia, wavuvi wanapata, wageni wapo hotelini, na mfukoni hakukosi kitu. Ni rahisi kuahidi mema wakati huo. Kusi, upepo wa katikati ya mwaka, ikishika, bahari huchafuka, vyombo vidogo vingi havitoki, biashara hulala, na hapo ndipo subira, ukweli na ukarimu hupimwa. Yakobo anatuonya tusijivunie ya kesho, tuseme, “Bwana akipenda, tutakuwa hai na kufanya hivi au hivi.” Mimi hulichukua hilo kama kazi ya kufanya. Ninapoazimia, naombea Juni na Julai kwa kuzitaja, kisha najiuliza kama azimio hili naweza kulibeba nikiwa sina kitu. Nikiona siwezi, nalipunguza. Kupunguza si uvivu. Mungu anazijua nguvu zetu kuliko tunavyozijua wenyewe, na hatuhitaji kumvutia kwa ahadi kubwa.

Na ukishindwa siku moja, usisubiri mwaka mwingine wala usiende kulia mbele ya kanisa zima. Nenda kwa yule yule uliyemwahidi, siku ile ile. Mama karanga yule, kusi ilipokaza na mauzo yakawa haba, alipokea simu ya mvuvi akamwambia, “Leo nina nusu tu, nyingine Ijumaa.” Mvuvi akasema sawa, na kesho yake akamwekea samaki.