Kabla hujachora kinyago

Vijana wengi wanaokuja kujifunza kuchora hapa Mji Mkongwe wanataka kuanza na vinyago. Nawaelewa. Ukipita mtaa wa Gizenga vimepangwa mlango kwa mlango, na mgeni akikiona kwenye turubai hununua upesi. Ushauri wangu wa kwanza ni huu: usichore kinyago kilichotundikwa ukutani. Kichore kikiwa kimevaliwa.

Tazama lipiko, kinyago cha ngoma cha Wamakonde. Huchongwa kwa mti mwepesi, mara nyingi hubandikwa nywele za mtu, na hufunika kichwa. Mchezaji haoni kwa macho ya kinyago, anaona kupitia mdomo wake. Kwa hiyo macho ya mti yanaangalia kwengine na macho ya mtu yanaangalia kwengine, na mwili mmoja unabeba yote mawili huku unacheza. Hapo pana picha tayari. Dukani huipati, kwa sababu dukani kinyago hakina shingo.

Mchoraji Picasso aliviona vinyago vya Afrika huko Paris, katika jumba la makumbusho la Trocadéro, na mwaka 1907 akachora wanawake watano, wawili wa upande wa kulia wakiwa na nyuso za vinyago. Picha ile ilibadilisha uchoraji wa dunia, sikatai. Lakini yeye aliviona vimewekwa tu, bila ngoma. Wewe ngoma unaisikia. Usikubali kuanzia mbali kama alivyoanzia yeye.

Ninayependa mumsome zaidi ni mchoraji James Ensor. Alizaliwa 1860 Ostend, mji wa pwani huko Ubelgiji, na takriban umri wake wote aliishi papo hapo. Kwao walikuwa na duka la kuuzia wageni makombe ya baharini, mapambo na barakoa za kanivali, sherehe ya mitaani ya kuvaa sura za bandia. Mtoto wa Shangani au Malindi, mitaa yetu ya pwani hapa Mji Mkongwe, hahitaji kuelezwa maisha hayo. Mwaka 1888 alichora Kristo akiingia Brussels, picha yenye upana wa zaidi ya mita 4, ambayo leo iko katika jumba la makumbusho la Getty, Los Angeles. Itafute kwenye simu kisha uikuze. Mbele pamejaa nyuso: wakubwa wa mji, wanajeshi, barakoa, fuvu lililovaa kofia. Mwenye sherehe yuko nyuma, juu ya punda, mdogo, humwoni mpaka umtafute. Sikwambii uchore mitume, na kwetu hilo halifai. Nakwambia uangalie mpangilio: anayestahili kutazamwa amefanywa mdogo, wenye makelele wamejaza picha nzima. Kwa mpangilio huo tu Ensor amesema yote aliyotaka kusema juu ya mji ule. Na picha hiyo haikuonyeshwa hadharani mpaka 1929.

Kisha angalia rangi zake. Anayeanza hudhani kitu cha kutisha kinataka kiza, akamwaga nyeusi kila pahala. Ensor alifanya kinyume chake. Kwenye picha yake ya 1890 iitwayo Fitina, watu wamebanana chini ya mwanga mweupe, kwa nyekundu, buluu na kijani kibichi, na barakoa zimegandana na nyuso hata hujui ngozi inaanzia wapi. Kinachotisha ni kwamba unaona kila kitu. Mwanga wa saa sita mchana tunao bure hapa Unguja, utumieni.

Kanivali yenyewe, ile ya siku za kabla ya Kwaresima, kwetu hakuna. Lakini nendeni Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya, kule Makunduchi, mwezi wa Julai. Wanaume wanapigana kwa migomba wamalize vinyongo vya mwaka, wanawake wanaimba, kibanda cha makuti kinatiwa moto. Chukua penseli laini na daftari dogo. Usihangaike kuchora mtu mzima, hutamwahi. Ukurasa mmoja jaza midomo tu: ya anayepiga, ya anayekwepa, ya anayecheka pembeni. Ukurasa wa pili, mikono. Nyuso hizo zimepinda zenyewe, huna haja ya kuzibuni. Na omba ruhusa. Wapo wazee wasiopenda sura zao zichorwe, na mzee akisema hapana, funga daftari.

Jambo moja nalikazania kila mara. Barakoa za mabibi wa Kiarabu wa Unguja ya karne ya 19, enzi za Sayyida Salme, binti wa Sultani, aliyezaliwa Mtoni 1844, hazikuwa mavazi ya mchezo. Zile za kanivali humpa mtu nafasi ya kuvunja adabu. Hizi zilikuwa ndiyo adabu yenyewe, na zilionyesha cheo. Nimeona picha zinazomgeuza bibi huyo kuwa zimwi, na zinaniudhi sana, kwani mchoraji amechukua desturi ya Ostend akaitia mahali isipokuwapo. Ukitaka kumchora bibi wa barakoa, anza na macho, uyape muda mrefu kuliko kitambaa, na mgongo wake uwe umenyooka.