Hita ya Gari Ikitoa Baridi, Anza na Mipira Miwili

Mwezi wa saba mwaka juzi nilikuwa nampeleka mama Njombe. Tulipoipita Makambako giza lilikuwa limeshaingia, ukungu umelala barabarani, na kioo cha mbele kikaanza kufunga kwa mvuke wa pumzi zetu. Nikawasha hita, nikazungusha hadi mwisho wa nyekundu. Ukatoka upepo wa baridi ile ile ya nje. Mama akajifunika blanketi na khanga mbili, mimi mkono mmoja kwenye usukani, mwingine na kitambaa nafuta kioo. Zile kilomita 60 hivi tulizitambaa karibu saa mbili, na kila lori lililokuja mbele yetu nililiona likiwa limeshafika.

Dar es Salaam unaweza kukaa na gari miaka mitano usiguse kitufe cha hita. Ubovu wake unakuja kuujua usiku, mlimani, ukiwa na mzazi au mtoto ndani. Ndiyo maana naandika.

Kesho yake gereji ya kwanza waliniambia gesi imeisha. Wakajaza, nikalipa, hita ikabaki baridi. Tafadhali lishike hili: hita ya gari la petroli au dizeli haitumii gesi. Gesi ni ya AC. Joto la hita linatoka kwenye maji yanayopooza injini. Sehemu ya maji hayo hupita kwenye mpira mmoja hadi kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, feni inapuliza juu yake, kisha maji yanarudi kwenye injini kwa mpira wa pili. Kwa hiyo ukipata baridi, ama maji hayajapata moto, ama hayafiki kwenye ile rejeta ndogo, ama upepo haupitishwi juu yake.

Fundi wa pili alikuwa mzee. Hakushika spana kwanza. Alikaa nami ndani ya gari tukazunguka mjini, macho yake kwenye geji ya joto. Baada ya dakika 20 mshale ulikuwa bado haujakaribia katikati. Akasema, "Mwanangu, gari hili limetengenezwa na mtu wa joto." Alipofungua pale inapokaa themostati, palikuwa patupu. Kuna fundi aliwahi kuitoa ili injini "isichemshe", na mimi nililinunua gari hivyo hivyo.

Kazi ya themostati ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa ya mbele, inayoyapooza, mpaka injini ipate joto lake, na nyingi hufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 90 za Selsiasi. Ukiitoa, maji yanapoozwa muda wote. Kwenye foleni ya Dar huoni tofauti. Njombe, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, kwenye mteremko wa asubuhi, injini haipati joto kabisa, inakula mafuta zaidi, na hita haina cha kukupa. Themostati mpya si spea ya kutisha bei. Kama gari lako lilikuwa linachemsha, tafuta kwa nini lilikuwa linachemsha. Kutoa themostati ni kuficha ugonjwa.

Tukaweka mpya. Mshale ukapanda vizuri, lakini hita ikatoa uvuguvugu tu. Hapo ndipo mzee alipozima injini na kuniambia nishike mipira miwili inayoingia kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi. Mmoja ulikuwa wa moto, mwingine wa baridi. Maji yanaingia, hayatoki: rejeta ndogo imeziba. Miaka mingi gari lilikuwa likijazwa maji ya bomba badala ya kulanti, yale maji maalumu ya kupooza injini, na kutu imejaa humo. Alifungua mipira yote miwili, akapitisha maji ya bomba kwa nguvu ndogo kinyumenyume, upande wa kutokea. Yalitoka matope mekundu kama ya kisima kipya. Aliendelea akibadilisha upande mpaka yakatoka meupe. Ukitumia mashine ya kuoshea magari utaipasua.

Mipira yote miwili ikiwa ya moto na upepo bado baridi, acha kuhangaika na maji. Tatizo liko kwenye kile kijimlango ndani ya dashibodi kinachochagua upepo upite wapi. Waya wake umechomoka, au mota yake ndogo imekufa. Mara nyingi utasikia tiki-tiki-tiki ukigeuza kitufe.

Yote miwili ikiwa ya baridi huku geji iko juu, angalia kiasi cha maji, injini ikiwa imepoa kabisa. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto hata kidogo, maji yale yanaruka na kuunguza uso. Maji yakipungua, hita ndiyo hukosa kwanza. Dalili nyingine ni joto kuja ukikanyaga mafuta na kupotea ukisimama: maji machache, hewa imenasa, au pampu ya maji imechoka. Kutoa hewa, egesha pua ya gari ikitazama mlimani, fungua kifuniko injini ikiwa baridi, weka hita kwenye moto kabisa, washa, na uongeze kulanti kadiri mapovu yanavyotoka. Mapovu yasipokwisha na maji yakaendelea kupotea, peleka ikapimwe gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake, kabla hujasafiri tena.

Magari mengine utakuta mipira miwili imeunganishwa pamoja, imeruka rejeta ndogo. Huyo fundi alikimbia uvujaji. Zulia la upande wa abiria likiwa limelowa, harufu tamu ndani, na kioo kikipata utando wa mafuta usiofutika, rejeta hiyo inavuja. Kuiruka kunakubalika ili ufike nyumbani. Lakini usipande nayo Makete au Njombe mwezi wa sita: hutakuwa na kitu cha kukausha kioo, na lori linalokuja halitajua kuwa hulioni.