Sio lazima ujifungue umelala chali

Wale mlio karibu na siku zenu, ongeeni na mkunga kuhusu mkao mapema, msisubiri mpaka muwe leba mnang'ata shuka. Mimi mimba ya pili niliuliza kabisa kliniki, "naweza kusukuma nikiwa nimepiga magoti?" mkunga akacheka, akanionyesha palepale jinsi ya kukumbatia kichwa cha kitanda.

Kulala chali kunampa mhudumu nafasi ya kuona vizuri, ila wewe mwenzangu unaumia. Tumbo lote linakandamiza mshipa mkubwa wa damu, ndo maana wengine wanasikia kizunguzungu, halafu ule mfupa wa mkia unabanwa na godoro wakati ulitakiwa usogee nyuma kidogo mtoto apite. Na mwongozo wa WHO wa 2018 unasema mama achague mkao mwenyewe, hata kama kachomwa epidural, ile sindano ya ganzi ya mgongoni ya kupunguza uchungu.

Mimi uchungu ulinishika mgongoni vibaya sana. Nikapiga magoti, viwiko kitandani, baba watoto ananikandamiza kiunoni kwa ngumi zote mbili kila uchungu ukija na akilegeza tu namgombeza, yani pale ndo nilipata nafuu. Baadae magoti yakachoka, nesi akanigeuza ubavu wa kushoto akanishikia mguu wa juu, na huu mkao wa ubavu watu hawausifii lakini mi nausifia, unapumzika kati ya uchungu na uchungu, unasukuma taratibu, kichwa hakitoki kwa kasi ya kukuchana. Aliyechomwa epidural miguu imelegea nae unamfaa.

Kuchuchumaa kunafungua nyonga kweli ila mapaja yanawaka moto, fanya mazoezi ukiwa bado nyumbani na uwe na mtu wa kukushika. Pia ukijifungua wima damu inaweza kutoka zaidi kidogo, kama una upungufu wa damu mwambie mkunga mapema.

Dripu isikutishe, unaweza kusimama pembeni ya kitanda nayo. Lakini wakikwambia mapigo ya mtoto yameshuka geuka, wewe geuka tu, ubishi utaumalizia wodini.

Na beba mto wa kuwekea magoti, vile vitanda ni vigumu balaa.